Mkataba Usioandikwa: Matarajio ya Kimyakimya Kati ya Mwajiri na Mwajiriwa Katika Turkana

Utangulizi

Msafiri atokaye Kitale kwenda Lodwar hupita Kainuk, kisha Kalemng'orok, kisha Lokichar. Kalemng'orok si mji mkubwa. Ni kituo cha biashara kilicho kando ya barabara kuu katika Turkana Kusini. Hata hivyo, kituo cha aina hii kinatosha kuwa darasa kwa mtu anayetaka kuzielewa ajira za eneo hili. Yuko muuza duka anayemfanyia kazi jamaa yake, yuko mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule, yuko mlinzi wa usiku, na yuko kijana anayelisubiri lori la mkandarasi asubuhi ili apate kibarua cha siku. Wote wanafanya kazi, lakini wengi wa watu wa aina hii hawajawahi kutia sahihi karatasi yoyote.

Tuseme kijana mmoja amemaliza kidato cha nne. Mjomba wake mwenye duka anamwita na kumwambia, "Njoo unisaidie dukani. Mambo yako tutayaangalia." Kijana anakubali kwa heshima wala haulizi swali. Anafungua duka alfajiri na kulifunga saa tatu usiku. Moyoni anaamini kwamba baada ya mwaka mmoja au miwili mjomba atamlipia karo ya chuo. Mjomba naye anaamini kwamba chakula, malazi na nguo ni malipo tosha kwa mtoto wa nyumbani, tena anamfunza biashara bure. Mwaka wa tatu kijana anaondoka bila kuaga. Mjomba anawaambia majirani kuwa asante ya punda ni mateke. Kijana anawaambia wenzake kuwa ametumiwa kama punda. Pande zote mbili zinamtaja mnyama yule yule, na hakuna upande uliosema uongo.

Makala haya yanadhamiria kueleza jambo linalotokea baina ya watu kama hawa wawili. Hoja yetu kuu ni kwamba matarajio ya kazini hayawi mabaya kwa sababu tu hayakusemwa. Huwa mabaya yanapojulikana na upande mmoja pekee. Hapo ndipo yanapomuumiza mfanyakazi mwili na akili, kwa kuwa anadai deni lisilo na shahidi. Tutaifafanua hoja hii kwa kuifuata barabara ile ile kuu, kutoka Kalemng'orok hadi Lokichar, Lodwar na Kakuma. Kisha tutaonyesha ni kwa nini suala hili linawahusu hasa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Dhana ya mkataba usioandikwa

Wataalamu wa saikolojia ya kazi wamelizungumzia jambo hili kwa zaidi ya miaka sitini. Mwaka 1960, Chris Argyris alieleza jinsi wasimamizi na wafanyakazi viwandani wanavyoafikiana bila kuandikiana: msimamizi akiziheshimu desturi za wafanyakazi wake, nao huzalisha vizuri bila manung'uniko mengi. Mwaka 1962, Harry Levinson na wenzake waliihusisha dhana hii na afya ya akili ya wafanyakazi. Baadaye, mwaka 1989, Denise Rousseau alisisitiza kwamba mkataba wa aina hii hukaa katika akili ya mtu binafsi. Ni imani yake kuhusu kile alichoahidiwa na kile anachodaiwa. Kwa hivyo watu wawili wanaweza kufanya kazi pamoja kwa miaka mingi, kila mmoja akiutimiza mkataba ambao mwenzake hajapata kuuona.

Dhana hii imezoeleka kuitwa mkataba wa kisaikolojia. Katika makala haya tutaiita mkataba usioandikwa, maana ndiyo sifa yake inayoonekana kwanza.

Elizabeth Morrison na Sandra Robinson, katika kazi yao ya mwaka 1997, walitenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni mtu kutambua kwamba ahadi haikutimizwa. Hilo ni jambo la hesabu: nilitarajia hiki, nimepata kile. La pili ni uchungu wa kusalitiwa ambao huweza kufuata. Waliongeza kwamba ahadi huvunjika kwa njia mbili kuu. Kuna kukana, ambapo mwajiri anajua alichoahidi lakini hataki au hawezi kukitimiza. Kuna pia kupishana kwa maana, ambapo kila upande uliyafahamu makubaliano kwa namna yake. Kisa cha duka la Kalemng'orok ni cha aina hii ya pili. Nayo huanzia katika lugha.

Ukimya wenye mashahidi

Yafaa tujihadhari tusiulaumu ukimya wenyewe. Jamii ya Waturkana, kama jamii nyingi za wafugaji, imeishi kwa makubaliano yasiyoandikwa tangu jadi. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, katika utafiti wake juu ya Wajie na Waturkana uliochapishwa mwaka 1955, alieleza jinsi kila mwanamume alivyokuwa na mduara wa washirika wa mifugo: ndugu, wakwe na marafiki. Mtu alimpa mshirika wake mnyama bila kutaja siku ya kulipwa. Siku yake ya mahitaji ilipofika, kwa mfano alipotakiwa kutoa mahari, alikwenda kwa washirika hao kuomba, nao walijua kwamba wanapaswa kutoa.

Hapakuwa na karatasi wala sahihi, lakini hapakuwa na siri pia. Aliyetoa alijua alichotoa, aliyepokea alijua alichopokea, na jamaa walijua nani anamwia nani. Aliyekataa kutoa bila sababu alijulikana, na siku yake ya kuomba ilipofika alikumbushwa. Mkataba haukuandikwa, ila uliandikika katika kumbukumbu ya watu wengi.

Ajira ya kisasa imeuchukua ukimya huo na kuwaacha mashahidi nje. Dukani, ofisini au kwenye kambi ya mkandarasi, matarajio hubaki kimya kama zamani, lakini mwajiri na mwajiriwa hawatoki katika mduara mmoja. Mwajiri anaweza kuwa ametoka Nairobi au London. Anaweza kuwa jamaa, kama mjomba wetu, lakini akawa anafuata hesabu ya faida na hasara badala ya hesabu ya ujamaa. Mfanyakazi hufuata ile ya pili, mwajiri ile ya kwanza, na wote wawili hunyamaza.

Kibarua kilichopoteza barua

Kabla ya kuendelea na safari, na tulitazame neno moja ambalo husikika kila asubuhi kando ya barabara hii, yaani kibarua. Kimofolojia, neno hili ni udogo wa nomino barua. Kamusi za zamani zinalihusisha na desturi ya pwani ya kumpa mfanyakazi wa kutwa kijikaratasi alichokionyesha wakati wa kulipwa. Katika karne ya 19, miongoni mwa waliofanya kazi za namna hiyo katika miji ya pwani walikuwamo watumwa waliokodishwa, ambao sehemu ya ujira wao iliwaendea mabwana zao. Karatasi ile ilikuwa ndogo na hali ya mwenye kuibeba ilikuwa duni. Hata hivyo, ilikuwa ushahidi kwamba kazi imefanyika na malipo yanadaiwa.

Wakati wa ukoloni wa Waingereza nchini Kenya ilikuja karatasi nyingine. Sheria ya usajili ya mwaka 1915, ambayo ilianza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimu wanaume Waafrika kubeba kipande, ambamo waajiri waliandika habari za kazi na ujira. Kipande kiliandikwa na mwajiri na kuwekwa kwa manufaa ya mwajiri. Upande wa mfanyakazi, yaani alichoahidiwa na alichotumainia, haukuwa na nafasi humo.

Leo maana imegeuka kabisa. Kibarua ni kazi ambayo kwa kawaida haina barua. Neno limebaki na karatasi katika mzizi wake, lakini mwenye kazi hana karatasi mkononi. Mwanafunzi wa semantiki ataona hapa mfano mzuri wa mabadiliko ya maana. Mfanyakazi ataona historia yake mwenyewe.

Lokichar: mafuta na matumaini

Kutoka Kalemng'orok barabara huelekea kaskazini hadi Lokichar. Mnamo tarehe 26 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki aliwatangazia Wakenya kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1, kilichochimbwa na kampuni ya Tullow Oil. Tangazo lile halikuwa mkataba wa ajira na mtu yeyote. Hata hivyo, habari za mafuta zilisikika na watu wengi kama ahadi ya kazi, shule na barabara.

Mwezi wa Oktoba 2013, wakazi waliandamana wakidai nafasi zaidi za kazi na zabuni, na kampuni ikasimamisha shughuli zake kwa muda. Shughuli zilirejea baada ya pande husika kutia sahihi hati ya maelewano. Mwezi wa Juni 2018, malori ya kwanza ya mafuta ghafi yaling'oa nanga kuelekea Mombasa kwa barabara hii inayopita Kalemng'orok. Mwezi huo huo wakazi waliyazuia wakilalamikia usalama na mgao wao, na safari hazikuendelea hadi mazungumzo yalipofanyika. Shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 ilisafirishwa nje ya nchi mwezi wa Agosti 2019. Mwaka 2020 mpango wa malori ulikoma, na mwaka 2025 Tullow iliuza mali yake ya Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy.

Tukio hili limeelezwa kwa lugha ya siasa na uchumi. Laweza pia kuelezwa kwa lugha ya mkataba usioandikwa. Kazi za utafutaji mafuta, kwa tabia yake, ni za msimu: kisima kikichimbwa, wachimbaji huhamia kingine, na bei ya mafuta ikianguka, kama ilivyoanguka kuanzia katikati ya 2014, kazi hupungua. Mkandarasi anapomwajiri mlinzi au mfagiaji kwa miezi sita anakuwa na hakika kwamba amemwajiri kwa miezi sita. Mwajiriwa, ambaye jamaa zake wameliachia eneo la malisho, anaweza kuamini kwamba kazi ile ndiyo badala ya malisho. Miezi sita inapokwisha, mmoja anaona kipindi kimemalizika na mwingine anaona amesalitiwa. Matokeo yanapofika barabarani huitwa fujo, ilhali chanzo chake ni sentensi ambayo hakuna aliyeitamka.

Lodwar: mwalimu na subira yake

Lodwar ni makao makuu ya Kaunti ya Turkana tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013. Hapa ajira nyingi ni za ofisi, hospitali na shule, karatasi zipo. Basi je, mkataba usioandikwa umetoweka? La, umejificha nyuma ya ule ulioandikwa.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa jarida hili ni wa walimu wanagenzi. Mpango huu ulianzishwa mwaka 2019 na TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu. Wahitimu wenye sifa kamili waliingia madarasani kote nchini kwa mikataba ya muda mfupi. Wale wa sekondari ya msingi walipewa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, huku wakifundisha kama walimu wengine. Karatasi ilisema uanagenzi. Matumaini ya wengi yalikuwa kwamba uvumilivu ungezaa ajira ya kudumu. Mwezi wa Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba haikuwa halali kuwaajiri kama wanagenzi walimu waliokwisha kufuzu na kusajiliwa. Mgomo ulifuata mwezi wa Mei, na Januari 2025 makumi ya maelfu ya walimu hao waliingizwa katika ajira ya kudumu.

Tuzingatie kwamba walimu hawa walikuwa na mkataba ulioandikwa. Kilichowaumiza ni pengo baina ya neno na kazi. Aitwaye mwanagenzi hujifunza chini ya fundi. Wao walipewa darasa zima. Neno lilipunguza malipo bila kuupunguza mzigo.

Aidha, Turkana imo katika orodha ya maeneo yanayotambuliwa na serikali kuwa ya mazingira magumu, na watumishi wa umma hulipwa marupurupu kwa ajili hiyo. Mwalimu anayetoka mbali anaweza kuamini kwamba akivumilia miaka michache atapata uhamisho. Mkuu wa shule anaweza kuamini kwamba mwalimu asiye na familia karibu yuko huru jioni na wikendi. Fedha za mazingira magumu zimeandikwa katika hati ya mshahara. Jioni hizo hazijaandikwa popote.

Kakuma: kazi inayoitwa motisha

Yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar iko Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapo mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, na baadaye ikapokea watu wa mataifa mengi. Shule na zahanati za kambi zimetegemea sana wakimbizi wenyewe kama walimu, wakalimani, wahudumu wa afya na wahamasishaji. Kwa kuwa vibali vya kazi vilikuwa vigumu kwao kuvipata, mashirika yaliwalipa kiasi kidogo kinachoitwa kwa Kiingereza kwa jina ambalo Kiswahili chake ni motisha. Mkenya aliyefanya kazi kama hiyo hiyo alilipwa mshahara.

Motisha ni kitu kinachotolewa ili kumtia mtu moyo. Mshahara ni haki ya aliyefanya kazi. Ukibadilisha jina, unabadilisha pia yanayoweza kudaiwa. Aliyelipwa mshahara mdogo anaweza kusema kwamba amepunjwa. Aliyepewa motisha ndogo ataulizwa kwa nini hana shukrani. Mashirika yana maelezo yake: sheria, bajeti, na ukweli kwamba mkimbizi hupata huduma nyingine. Lakini mwalimu aliyesimama mbele ya watoto wengi tangu asubuhi hajui kufundisha nusu kwa sababu malipo ni nusu.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika mwaka 2022, imetambua kwa upana zaidi nafasi ya mkimbizi kufanya kazi na kujipatia riziki. Ni hatua njema. Hata hivyo, mwaka 2025 Marekani ilipopunguza misaada yake ya kigeni, mashirika ya kibinadamu yalilazimika kupunguza wafanyakazi na huduma. Katika hali kama hiyo, aliyeitwa mtu wa kujitolea huwa na kidogo sana cha kudai.

Athari kwa ustawi wa mfanyakazi

Matarajio yanayopishana humdhuru mtu kwa njia zipi? Ya kwanza ni mashaka ya kudumu. Asiyejua anachodaiwa hawezi kujua lini amemaliza kudaiwa. Kijana wa duka hajui kama kufunga saa tatu kunatosha au afunge saa nne. Hivyo hufunga saa nne. Usingizi hupungua na mwili huchoka.

Ya pili ni juhudi zisizo na fidia. Johannes Siegrist, mwaka 1996, alieleza kwamba mtu anayejitahidi sana na kupata kidogo, iwe ni fedha, heshima au usalama wa kazi, hukaa katika dhiki inayoweza kumletea hata maradhi ya moyo. Mkataba usioandikwa unaizidisha dhiki hii kwa sababu fidia haikukataliwa waziwazi. Imeahirishwa tu, na mwenye kuahirishiwa huongeza juhudi akidhani siku imekaribia.

Ya tatu ni aibu. Aliyevunjiwa mkataba ulioandikwa huwa na wa kumshtaki. Aliyevunjiwa usioandikwa hujilaumu: mbona nilikuwa mjinga? Hasira isiyo na anwani huingia nyumbani, au huzamishwa katika pombe. Kazini hujitokeza kama mgomo baridi: mtu yupo lakini kazi haipo. Mwajiri naye hupata hasara asiyoielewa, kisha huhitimisha kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba uchovu wa kupindukia utokanao na kazi ni hali inayohusiana na mazingira ya kazi, wala halikuuorodhesha kama ugonjwa wa mtu. Mwaka 2022, shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba siku bilioni 12 za kazi hupotea kila mwaka duniani kutokana na sonona na wasiwasi. Kwa hivyo hatuzungumzii hisia za watu wachache wepesi wa kununa.

Fasihi ya Kiswahili imewahi kuyagusa maisha ya wafanyakazi. Riwaya ya Kuli ya Adam Shafi inasimulia maisha ya wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa mwaka 1948. Tamthilia ya Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui na ile ya Mstahiki Meya ya Timothy Arege zinaonyesha wafanyakazi waliosimama kudai. Kazi hizi zinaushughulikia mgogoro uliokwisha kulipuka. Miaka ya ukimya inayoutangulia mlipuko bado inahitaji kuchunguzwa zaidi.

Uchambuzi wa sentensi moja

Turudi dukani Kalemng'orok kwa maneno ya mjomba: "Mambo yako tutayaangalia." Kwa mwanafunzi wa isimu, sentensi hii ni hazina. Kiambishi tu- ni cha nafsi ya kwanza wingi. Mjomba ni mmoja, lakini anasema kwa wingi. Hivyo hakuna mtu mmoja aliyejifunga. Kiambishi -ta- ni cha wakati ujao, ila hakuna kielezi cha wakati; kesho ni wakati ujao, na miaka kumi pia. Kiambishi -ya- kinarejelea mambo, nomino ambayo yaweza kubeba karo, nguo, mahari au salamu. Mzizi wenyewe, -angali-, ni wa kutazama. Anayeangalia hajasema kwamba atatoa.

Kwa upande wa pragmatiki, mwanafalsafa H. P. Grice alionyesha mwaka 1975 kwamba wasemaji huwasilisha zaidi ya wanachotamka, na kwamba maana hiyo ya kudokezwa inaweza kufutwa na msemaji bila kujipinga. Mjomba amedokeza ahadi. Siku ya kudaiwa anaweza kusema, "Nilisema tutaangalia, na nimeangalia." Hajasema uongo. Tofauti iliyopo ni ya mamlaka: mwenye duka ana uwezo wa kuifuta maana iliyodokezwa, lakini mwuza duka hana uwezo wa kuifuta miaka mitatu aliyoitumikia.

Kwa nini basi kijana hakuuliza? Adabu ilimzuia. Kumuuliza mjomba "utanilipa shilingi ngapi" ni kama kumwambia kwamba humwamini. Kauli nyingine za kazini hutumia adabu hiyo hiyo: "wewe ni kama mtoto wetu", "hapa sisi ni familia moja", "vumilia kidogo", "utasaidiwa". Zina upole ndani yake, na mara nyingi husemwa kwa nia njema. Lakini Waswahili husema ahadi ni deni, na deni lisilo na kiasi wala siku halilipiki.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Kifungu cha 9 kinataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe, na wajibu wa kuuandika ni wa mwajiri. Kifungu hicho kinataka pia mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ya mkataba, aelezwe yaliyomo kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 10 kinasema kwamba mwajiri asipoweza kutoa mkataba ulioandikwa mbele ya mahakama, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Kifungu cha 37 kinampa kibarua aliyefanya kazi kwa mfululizo unaotimia mwezi mmoja au zaidi nafasi ya kutambuliwa kuwa mfanyakazi wa mkataba. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu katika kazi.

Msomaji atagundua kwamba sheria inazungumza juu ya lugha waziwazi. Mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza cha mawakili na kutiwa sahihi Lokichar na mtu anayezungumza Ng'aturkana na Kiswahili pekee, bila maelezo, unakaribia kuwa mkataba usioandikwa.

Mapendekezo

Kwanza, waajiri wadogo na wakubwa wajizoeze kusema mapema mambo manne: kazi ni ipi, malipo ni kiasi gani na lini, kazi itakwisha lini, na nini hakijaahidiwa. Hili la nne ndilo husahaulika, nalo ndilo huokoa urafiki. Mjomba angesema, "Karo ya chuo sitaiweza, lakini nitakupa mshahara kila mwezi," kijana angeamua akiwa na macho wazi.

Pili, mahali ambapo kuuliza ni utovu wa adabu, pawepo shahidi. Mzazi, mzee au mwenzake anaweza kuuliza kwa niaba ya kijana bila kumvunjia mwajiri heshima. Huu ni utaratibu ambao jamii zetu tayari zinaufahamu katika posa na katika mifugo.

Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na wanasheria kuandaa mifano ya mikataba ya kazi kwa Kiswahili chepesi, pamoja na istilahi zilizofafanuliwa: kibarua, mwanagenzi, mkataba wa muda, motisha, marupurupu. Wanafunzi wanaozungumza Ng'aturkana na lugha nyingine za wafanyakazi wasaidie kuzieleza kwa lugha hizo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mkataba usioandikwa upo katika kila kazi, kuanzia duka la jamaa hadi shirika la kimataifa, na kwamba madhara yake hutokana na kujulikana na upande mmoja. Lokichar, maana ya kazi ilipishana. Lodwar, neno uanagenzi lilifunika kazi kamili. Kakuma, neno motisha lilichukua nafasi ya mshahara. Katika hali zote tatu, aliyeumia zaidi ni yule ambaye hakuwa na uwezo wa kuuliza.

Wengi wetu tutahitimu na kutumwa katika shule na ofisi za namna hii. Siku moja mtu atatuambia kwamba mambo yetu yataangaliwa. Siku nyingine, tukiwa wakuu wa idara au wenye maduka, sisi ndio tutakaoyatamka maneno hayo kwa kijana aliyesimama mbele yetu kwa heshima, mikono nyuma, asiyeweza kuuliza. Tumeshajifunza kuichanganua sentensi hiyo kiambishi kwa kiambishi. Tumalizie basi kwa kumwambia kijana huyo ni mambo gani, ni nani atakayeyaangalia, na ni lini.